Uzoefu wangu: fundi wa matangi ya maji alivyonitengenezea mkuku wa kayaki

Kama una kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia) ya plastiki hapa Nairobi na mkuku wake, yaani ule mgongo wa chini unaotoka pua hadi nyuma, umeanza kulika, ipeleke kwa fundi anayeziba matangi ya maji. Mimi yangu niliipeleka Kariobangi Light Industries, na kazi nimeipenda, ingawa nina manung'uniko yangu kidogo.

Kayaki yenyewe ni ya mitumba, rangi ya machungwa, zile za kukalia juu. Naitumia zaidi Naivasha, na huko mawe ya volkeno hayana huruma. Tena tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, kuna nguzo za nyua na visiki vya miti chini ya maji ambavyo huvioni mpaka uvikwaruze. Ila kinachomaliza mkuku hasa ni kuburuta. Ukiwa peke yako unainua pua, unavuta, na uzito wote unalalia ncha ya nyuma. Pale nyuma plastiki ilikuwa imelika hadi ukiibonyeza kwa dole gumba inaingia ndani, na ufa wa urefu wa kidole ulikuwa umeshajitokeza. Maji yalikuwa yanapenya polepole. Nikiibeba kurudi kwenye gari nasikia yakichezacheza tumboni.

Kabla ya hapo fundi mmoja wa faibaglasi alitaka kuipaka resini (gundi ya maji inayoganda) na kubandika kitambaa. Faibaglasi hushikana vizuri na faibaglasi mwenzake. Kwenye polithini, plastiki ya kayaki kama yangu, hubanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Mwingine akashauri nigongelewe bati la alumini kwa riveti. Yaani chombo kinavuja, halafu dawa yake ni kukitoboa zaidi!

Fundi wa matangi hakuwa amewahi kuona kayaki karibu. Aliizunguka ikiwa juu ya gari langu la Probox, akaigonga, kisha akakwangua ukanda mdogo wa plastiki kwa kisu. Akautia kwenye kikopo cha maji, ukaelea. Akauwasha kwa kiberiti: ukadondosha matone huku ukiwaka, na harufu ikawa ya mshumaa. "Boss, hili ni tangi tu, lina pua," akasema. Na kweli, kayaki nyingi za plastiki hutengenezwa kama matangi yetu: unga wa polithini unamiminwa ndani ya kalibu, kalibu inazungushwa kwenye joto hadi unga uyeyuke na kushika pande zote.

Hata hivyo hakukimbilia moto. Alichukua kipande cha plastiki, akakiyeyushia upande usioonekana, akaacha kipoe, akakivuta kwa koleo. Hakikung'oka. Hapo ndipo nilipomwamini, kwa sababu kuna polithini za aina nyingine ambazo zikishatengenezwa haziyeyuki tena, na hizo huwezi kuzichomelea hata ufanyeje.

Ufa aliutoboa kitundu kidogo kila mwisho ili usiendelee kukimbia, akauchimba mfereji wa umbo la V, akasugua kwa msasa na kufuta kwa spiriti. Kisha akaujaza kwa mashine ya hewa moto, taratibu sana, maana pale palipolika, moto ukizidi kidogo tu plastiki inatoboka. Baada ya hapo akakata utepe mnene kutoka kwenye mabaki ya tangi jipya, akaukunja kwa joto ufuate mkuku, akauchomelea kuzunguka ukingo wote. Nilimuuliza kwa nini asibandike pande mbili tu. Akasema mchanga ukipata pa kuingilia utakaa humo usage plastiki kwa ndani. Nilisisitiza pia asitumie tangi kuukuu, kwa kuwa plastiki iliyopigwa jua miaka mingi huwa imeshakauka.

Nililipa shilingi 3,500, utepe ukiwemo. Tangu hapo nimeiburuta kwenye mawe yale yale makusudi, na kinachokwaruzika ni utepe. Ndani ni kukavu. Utepe ukiisha, anaweza kuukata na kuchomelea mwingine.

Manung'uniko sasa. "Njoo kesho" nimeisikia mpaka nikachoka. Mvua ikinyesha watu wote wanakumbuka matangi yao na kayaki yako inasukumwa pembeni. Utepe ni mweusi, kwa hiyo kama unajali urembo, chombo changu sasa kina kiraka kama suruali ya shule. Pia naona kinakata kona kwa uzito kidogo kuliko mwanzo. Wakimbizaji wa mashindano hawatafurahi. Mimi navua samaki, sijali.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye kayaki ya faibaglasi asije huku, kwake dawa ni gundi ya epoksi na kitambaa kwa fundi anayeijua kazi hiyo. Na kama yako ni ya plastiki na bado haijapata ufa, mwambie akuwekee utepe mapema: plastiki ikiwa bado nene anachomelea kwa raha na bei inashuka, kwani kazi kubwa aliyonitoza ni ule ufa. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, na usimwachie chombo bila kukubaliana siku ya kukichukua.