Taa za nyuma za gari la zamani: used ya Japani au mpya ya boksi?

Mwenye gari la miaka ya 1990 akifika Kariakoo au Ilala kutafuta taa ya nyuma atawekewa vitu viwili mbele yake: used iliyong'olewa kwenye gari huko Japani, au mpya ndani ya boksi, ya Taiwan au China. Chukua used, mradi kioo hakijapasuka na holda za balbu zimo zote. Ila kabla ya kutoa hela fungua buti ukague ethi (waya unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi), maana taa nyingi zinazobadilishwa hazikuwa na ubovu wowote.

Ethi mbovu haijifichi. Unakanyaga breki, indiketa ya upande uleule inawaka kwa mbali. Unawasha indiketa, taa ndogo nayo inacheza. Umeme ukikosa pa kurudi kwenye bodi unapita kwenye balbu ya jirani, ndiyo maana taa zinachanganyikana. Kwenye Toyota waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate ndani ya buti hadi kwenye bolti yake, fungua, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Halafu chomoa holda. Magari yanayolala Kigamboni au Mbezi Beach, karibu na bahari, utayakuta na ukungu wa kijani kwenye vile vibati vya shaba. Usugue kwa msasa laini na unyanyue kibati kidogo kwa bisibisi nyembamba ili kigandamize balbu. Holda ikiwa imeyeyuka pembeni usihangaike nayo, hiyo ni ya kubadilisha.

Taa za breki zikizima zote kwa pamoja, hata ile ya juu kwenye kioo cha nyuma cha gari, usiguse taa. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedali. Na zikigoma kuzima mpaka betri inaisha usiku, inua kapeti chini ya pedali. Mara nyingi kuna vipande vya plastiki vilivyosagika kama ganda la yai. Hicho kilikuwa kizibo kidogo kinachobonyeza swichi, kimezeeka kikavunjika. Ni kitu cha bei ndogo sana, na watu wanabadilisha swichi nzima bila sababu.

Kwenye balbu, magari mengi ya rika hili yanatumia ya volti 12, wati 21/5, yenye nyaya mbili ndani: ya wati 5 ni taa ndogo, ya wati 21 ni breki. Pini zake haziko usawa mmoja makusudi, ili isiingie kinyume. Fundi akiilazimisha, ukiwasha taa ndogo waya wa breki ndio unaowaka muda wote, na ukikanyaga mwanga hauongezeki sana. Anayekufuata nyuma Barabara ya Mandela usiku hatajua kuwa umesimama. Balbu iliyoanza kuwa nyeusi ndani ya kioo ibadilishe mapema, kulia na kushoto. Ukiweka ya LED kwenye indiketa, tarajia ipepese haraka, kwa kuwa flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) ya zamani ikiona umeme unaovutwa ni kidogo hudhani balbu imekatika. Bakia na balbu ya kawaida.

Dukani, kusema "nataka ya GX100", yaani kutaja namba ya modeli ya Toyota tu, hakutoshi. Mark II, Chaser na Cresta zote zina GX100 na taa zao za nyuma hazifanani hata kidogo. Nenda na picha, pamoja na namba iliyochongwa kwenye kioo karibu na jina la mtengenezaji, kwa mfano Koito, Stanley au Ichikoh. Taja upande wa dereva au wa abiria, kwani kulia na kushoto hubadilika mtu akisimama mbele ya gari akilitazama. Tikisa taa usikilize kama kuna maji, chungulia kama rangi ya fedha ndani imebanduka, shika kila skrubu ya nyuma uone kama inazunguka kwenye plastiki. Omba soketi iliyokatwa na waya wake. Ukiweza nunua jozi, maana nyekundu iliyokaa juani miaka mingi haiendani na ya mwenzake.

Mpya si mbaya zote. Zenye jina la kiwanda kwenye kioo zinakaa vizuri, na kwa gari ambalo used zake zimeadimika ndiyo njia iliyobaki. Zisizo na jina lolote ziache: gundi inayounganisha kioo na mgongo wa taa huachia, masika ya kwanza tu maji yanaingia. Holda zake pia hulegea, hivyo hamishia zile zako za zamani kama zinaingia.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Ondoa klipu za kapeti ya buti, chomoa soketi, fungua nati kwa spana namba 10 au namba 8, kisha sukuma taa kutoka ndani kwa kiganja. Ukiichokonoa kwa bisibisi nje utachubua rangi na kuvunja pembe. Sponji ya kuzuia maji ya taa used huwa imechanika. Weka mpya kuzunguka yote, la sivyo maji yatajaa kwenye shimo la tairi la spea. Safisha kwa maji ya sabuni tu, kwani petroli na thina hupasua plastiki. Jaribu taa zote kabla ya kukaza, kisha kaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Ukizidisha nguvu skrubu inang'oka.

Malizia kwa kumwaga maji kwa mpira dakika 5 huku mtu akiwa na tochi ndani ya buti. Fundi akitaka kupaka silikoni kila mahali, mzuie asizibe kitundu kidogo cha chini ya taa. Hapo ndipo mvuke unapotokea, na kikizibwa kioo kitatoka jasho kila asubuhi.