ThinkPad T480 ya mtumba kwa kazi za ofisi Unguja na Pemba

Igeuze laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 tumbo juu utaona vifungio viwili vya plastiki karibu na bawaba. Kimoja ukikisukuma kinabaki hapo hapo, cha pili kina springi, kwa hivyo hukishikilia kwa kidole huku mkono mwingine ukiivuta betri ya nyuma. Betri inatoka, nyingine inaingia, na kompyuta haijazimika, kwa sababu chini ya kifuniko mna betri ya pili ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri) inayoibeba kazi kwa muda huo. Lenovo wameuita utaratibu huu Power Bridge. Mfumo humaliza ya nyuma kwanza, kwa hivyo wakati wa kubadilisha unapofika ya ndani huwa bado ina chaji. Kwetu umeme unakuja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Umeme huo ukikatika unaendelea kwa betri, na kwa ofisi ya visiwani hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitaka mashine hii, na sababu nyingine zote zinakuja nyuma yake.

Betri za nyuma zipo za aina tatu. Iliyoandikwa 61 ina Wh 24, 61+ ina Wh 48, na 61++ ina Wh 72. Kazi za kawaida, yaani barua, Excel, kivinjari na risiti za kielektroniki, hula wati 7 hadi 10 ikiwa mwanga wa skrini haukupandishwa mpaka mwisho. Piga hesabu kwa wati 8: ya ndani pamoja na 61 zikiwa mpya ni saa 6, na ya ndani pamoja na 61++ ni saa 12. Lakini hapa tunazungumzia mtumba, na betri ya mtumba iliyobaki na asilimia 60 ya uwezo wake si ajabu. 61++ hutokeza chini na kuinua mgongo wa laptopu. Wengine hawapendi inavyokaa mezani, ila hewa ya feni hupita vizuri zaidi. Usikubali kuuziwa betri iliyoandikwa 68. Hiyo ni ya T450 na T460, inafanana kwa mbali na haiingii.

Mashine hii ilitoka mwaka 2018. Wakati huo huo ilitoka T480s, nyembamba kidogo, yenye betri moja ya ndani isiyobadilishika kwa mkono na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) moja iliyochomelewa kwenye madabodi, yaani bodi kuu. Mwaka uliofuata ikaja T490, nayo ikafuata njia ya ile nyembamba. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mbaya kwa watumiaji wa nchi kama yetu, ambako laptopu hupita mikono mitatu kabla ya kufa. Upunguze milimita mbili za unene, na mtu wa Wete apoteze nafasi ya kubadilisha betri mwenyewe! Lenovo wamerudisha nafasi mbili za RAM katika T14 ya kizazi cha 5 ya mwaka 2024, jambo zuri, lakini hiyo bado ina bei ya mashine mpya.

Dukani, iwe Darajani, Mlandege au Chake Chake, kosa la kwanza ni kununua T470 ukidhani ni T480. Zinafanana umbo na hata betri ya nyuma. Tafauti kubwa iko ndani: T470 ina prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7 yenye viini viwili, ilhali T480 unayoitaka ni ile yenye prosesa ya kizazi cha 8 na viini vinne, i5-8250U au i5-8350U. Tafauti hiyo inagusa mkate wako, kwa sababu msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8 isipokuwa prosesa chache. Soma kibandiko cha chini. T480 huanza na 20L5 au 20L6, T480s ni 20L7 au 20L8, na T470 ni 20HD, 20HE, 20JM au 20JN. Kibandiko kikiwa kimekwanguliwa, washa, bonyeza F1, na BIOS, yaani programu ya mipangilio iliyomo ndani ya mashine, itakuonesha namba hizo hizo pamoja na jina la prosesa. i7 ya mashine hii nayo ina viini vinne tu. Pesa ya ziada unayoombwa kwa ajili yake itie kwenye RAM.

Sasa tundu la USB-C, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu ndipo zinapofia nyingi. T480 ina matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto, na yote mawili hupokea chaja. La mbele kati ya hayo lina alama ya radi: hilo ni Thunderbolt 3, aina ya USB-C yenye kasi zaidi, linaloongozwa na chipu yake yenyewe. Programu ya ndani ya chipu hiyo, kama ilivyotoka kiwandani, ilikuwa na kasoro iliyoharibu kumbukumbu ndogo inayoihifadhi, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha mwaka 2019. Mashine ambayo haikusasishwa huendelea kuharibika kimya kimya. Dalili ni hizi: chaja ya USB-C haichaji, HDMI haitoi picha kwenye projekta, au kifaa cha kuongezea matundu hakionekani. Muuzaji akikwambia "hiyo ni driver tu", yaani programu inayoendesha kifaa, usimkatalie kwa ugomvi, mwombe tu akuoneshe ikifanya kazi.

Jaribu hivi. Chomeka chaja tundu la kwanza, subiri alama ya kuchaji, ichomoe, uende la pili. Kisha tia waya wa HDMI kwenye TV yoyote iliyopo dukani. Vyote vikifanya kazi, siku hiyo hiyo ukifika ofisini sasisha kwa mpangilio: driver ya Thunderbolt, halafu BIOS, halafu programu ya ndani ya Thunderbolt, zote kutoka tovuti ya Lenovo kwa namba yako ya 20L5 au 20L6. Betri iwe na chaji na chaja iwe imechomekwa, kwani umeme ukiondoka katikati ya kuandika BIOS na betri ikawa mbovu, umebaki na kigae. Iliyokwisha kuharibika huponyeshwa na fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja. Kazi hiyo inawezekana, ila si kila fundi anayo zana wala mkono wake, na njia ya pili ni kubadilisha madabodi nzima. Mimi ningeiacha dukani.

Matundu hayo yamechomelewa kwenye madabodi, kwa hivyo mtu akijikwaa kwenye waya hapati hasara ya waya peke yake. Tikisa ncha ya chaja taratibu: ikichezacheza na chaji ikakatika na kurudi, achana nayo. Chaja inayofaa ni ya wati 65, au 45 ukiwa huna haraka.

Mtego wa pili ni kufuli za kampuni iliyoitumia kabla. Bonyeza F1 wakati wa kuwaka. Ikidai neno la siri la msimamizi, basi huna mashine, una dhamana ya maumivu, kwa sababu kuitoa betri ndogo ya saa hakulifuti. Kufuli nyingine haionekani mpaka Windows isakinishwe upya na kuunganishwa na intaneti: skrini inatokea na jina la kampuni ya nje inayokutaka uingie kwa akaunti ya kazini. Muuzaji aliyesakinisha bila intaneti anaweza asijue kabisa. Mwombe aisakinishe mbele yako, iwe kwenye Wi-Fi ya duka au hotspoti ya simu yako, kabla hujatoa pesa. Ikifika kwenye desktopu salama, ingia Mipangilio, Mfumo, Uamilishaji. Leseni ya Windows Pro iliyokuja na mashine hukaa kwenye BIOS na hujitambua yenyewe ikipata intaneti.

Hali ya betri isikuumize kichwa. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, itatengeneza ukurasa wenye betri zote mbili, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa wa chaji kamili. Ya ndani ikiwa chini ya nusu, zungumza bei. Tahadhari moja: betri ya nakala hutaja uwezo wowote iliopangiwa kutaja, na ripoti inauamini. Kwa hizo, kipimo ni saa ya ukutani.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. RAM ni DDR4 SODIMM, nafasi mbili. GB 8 zinatosha mtu anayefungua kivinjari na Word. Kwa mhasibu au mapokezi ya hoteli, tia 8 mbili, maana mbili zikifanya kazi pamoja hata picha hupata kasi. Diski hakikisha ni SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, na hakikisha trei yake na waya wake vimo, kwani vikipotea kuvipata ni usumbufu. Kuifungua ni skrubu sita za kifuniko cha chini, ambazo hazidondoki. Kabla ya hapo ingia BIOS, Config, Power, uchague Disable Built-in Battery, utoe na betri ya nyuma. Itaamka tena ukichomeka chaja. Pembeni kuna vijino vya plastiki: tumia kadi ya zamani ya simu, bisibisi bapa huvivunja.

Skrini ndiyo sehemu dhaifu. Zilizotoka na 1366 x 768 zina rangi iliyopauka na hufifia ukitazama kwa pembeni, na Excel yenye nguzo kumi inakuwa adhabu. Tafuta 1920 x 1080 ya IPS, aina isiyofifia kwa pembeni, hata ikiwa bei imepanda kidogo.

Kibodi ni nzuri kuliko nyingi za leo, ya kuandikia kutwa, na maji yakimwagika kidogo yana njia ya kutokea chini. Lakini angalia ilikotoka. Zilizotoka Ujerumani zina herufi Y na Z zilizobadilishana mahali, na kwa Kiswahili hilo ni balaa: "kazi ya ofisi" inakuwa "kayi za ofisi", na hakuna mstari usio na moja kati ya hizo mbili. Ukibadilisha lugha ya kibodi kwenye Windows herufi zinarudi sawa, ila maandishi ya juu ya vitufe yanabaki ya Kijerumani. Anayechapa bila kutazama haimkeri. Steshenari yenye wateja wanaojichapia wenyewe, ibadilisheni kibodi. Na kitufe cha mwisho kushoto ni Fn, Ctrl ni cha pili. Vidole vikikataa kuzoea, BIOS inaweza kuvibadilisha.

Joto na chumvi vinahitaji ratiba. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, feni isiyosafishwa hupiga kelele na prosesa hujipunguza kasi yenyewe. Mashine ya miaka saba ina pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka, kwa hivyo siku ya kuifungua kwa RAM mwambie fundi apake mpya. Ofisi za ufukweni, Nungwi au Paje, zisiziache matundu yakitazama dirisha la baharini: kutu huanza kwenye skrubu za bawaba na midomo ya USB, na bawaba iliyokaza huupasua mfuniko. Ikiwasha na kulalamika 0271 kuhusu tarehe, betri ndogo ya saa imekufa. Hadi ibadilishwe saa itakuwa inarudi nyuma, na tovuti nyingi, za benki kwanza, zitakataa kufunguka kwa sababu tarehe haikubaliani na vyeti vyao.

Anayetaka pia kuichezea michezo ya mpira jioni aelewe kwamba picha zake huchorwa na Intel UHD 620 iliyomo ndani ya prosesa. EA Sports FC 24 inataka kadi ya GTX 1050 Ti kwa uchache, na hii haifiki karibu hapo. Zipo T480 zenye kadi ya MX150 ya GB 2, zinazosaidia kwa michezo ya zamani, lakini nazo ziko chini ya kiwango hicho na joto lao ni zaidi. Kwa michezo tafuta kitu kingine.

Matundu yaliyobaki yanaitosha ofisi bila adapta: USB mbili za kawaida kwa printa ya risiti na kipanya, HDMI, waya wa mtandao wa ukubwa kamili, na kadi ya SD ya kamera.

Ikishakaa mezani ikichajiwa kutwa, sakinisha Lenovo Vantage, weka ianze kuchaji ikishuka hadi 75 na isimame kwenye 80, na siku ya safari ya boti uirudishe kwenye 100. Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke, kwa sababu mshindo wa kwanza ndio unaoua chaja. Betri ya akiba ihifadhi ikiwa na nusu ya chaji kwenye mtoto wa meza mkavu, mbali na gari lililoegeshwa juani, na kila baada ya miezi mitatu itie kwenye mashine uione bado inapanda.