Uzoefu wangu: uanachama wa karakana ya jamii kwa anayetumia kiti mwendo

Karakana nyingi za jamii, yaani zile ambazo wanachama hutumia zana na mashine kwa pamoja, hujitangaza kuwa ziko wazi kwa watu wote. Ukifika unakuta kweli mlangoni kuna mteremko, na mlango wenyewe ni mpana. Ukishaingia, meza zote zinakufikia kidevuni, zana zimetundikwa juu ukutani, na njia imezibwa na stuli. Unabaki kutazama wenzako wakifanya kazi.

Kwa hiyo karakana niliyojiunga nayo safari hii nimeipima kwa swali moja tu: je, naweza kutengeneza kitu mwenyewe, tangu kuchora hadi kupaka vanishi, bila mtu kunishikia kazi mkononi? Kwa sehemu kubwa jibu ni ndiyo, ila kuna mambo mawili yaliyoniudhi ambayo nitayasema wazi.

Nilikwenda na kazi moja kichwani: ubao wa kuhamia. Kwa asiyeujua, ni ubao mwembamba unaouweka kama daraja kati ya kiti mwendo na kitanda, au kiti cha gari, kisha unajisukuma juu yake kwa mikono. Wa dukani niliokuwa nao ulikuwa mfupi kuliko mahitaji yangu.

Kilichonivutia kwanza ni meza za kazi. Zinapanda na kushuka kwa kuzungusha mkono wa chuma uliowekwa pembeni, mahali ninapoufikia nikiwa nimeketi. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kufikia huduma na majengo vinataka uso wa meza uwe kati ya sentimita 71 na 86 hivi kutoka sakafuni, na chini yake pawe na nafasi ya magoti. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Lakini kupiga randa kunataka uiegemee kazi kutoka juu, na kulehemu saketi kunataka kazi iwe karibu na macho, kwa hiyo meza ya kimo kimoja humchosha hata mtu anayesimama. Hapa mafundi warefu huzungusha ule mkono wa chuma mara nyingi kuliko mimi, na hakuna anayeiita meza ya walemavu. Hilo nalipenda sana.

Msumeno wa meza sikuutumia, na sababu niliyopewa ilikuwa ya kweli. Mwalimu hakuniambia tu kwamba haufai kwa watu kama mimi. Aliniketisha mbele yake ukiwa umezimwa, akanionyesha kwamba uso wangu unakuwa karibu mno na meno, na kwamba ubao ukirushwa nyuma sina pa kukwepea. Kisha akaniletea msumeno wa mkono wa umeme unaoteleza juu ya reli, tukaushusha ubao kwenye meza ya chini, nikakata mwenyewe. Ninachotaka kwa mwalimu wa karakana ni hicho hasa: aseme hatari iko wapi, halafu atafute njia nyingine ya kufikia mkato uleule.

Kazi iliyonichukua muda mrefu ilikuwa kingo. Lazima ziwe nyembamba kiasi cha kupenya chini ya paja bila kuchubua. Sisi ambao miguu yetu haihisi vizuri tunajua kwamba kibanzi kimoja kidogo kinaweza kuzaa kidonda cha miezi. Nilianza na msasa namba 80, nikaenda 120, nikamaliza na 220. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, ukakauka, nikasugua tena. Halafu mwanachama mmoja mzee akanifundisha kupitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya kingo: ikinasa popote, hapo bado pana kibanzi. Ilinasa karibu na kona, mahali ambapo vidole vyangu havikuwa vimegundua kitu. Nimekaa na mbao miaka mingi na sikuwahi kuijua mbinu hiyo.

Kwa wengine ninaowaona pale, mambo ni mchanganyiko. Kuna mwanachama kiziwi ambaye anatumia mashine ya leza, ile inayokata kwa mwali wa mwanga, bila shida, kwa sababu kengele zote za hatari zina taa inayomweka, na mafunzo ya usalama hutolewa kukiwa na mkalimani wa lugha ya alama aliyepewa maelezo ya mashine mapema. Kuna saa maalumu za utulivu ambapo mashine za kelele huzimwa, na vijana wawili wenye usonji huja wakati huo tu. Mimi pia nazipenda saa hizo kwa kazi ya kuchora. Vibanio vya kubana kwa mkono mmoja viko kwenye kila meza, na vitufe vya kuzima dharura viko chini ya sentimita 122, kipimo cha juu cha kufikia kwa aliyeketi katika viwango nilivyotaja.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni choo. Choo kipana chenye vishikio kilikuwa kimegeuzwa stoo ya mbao na mabomba ya kunyonyea vumbi. Karakana inaweza kununua mashine ya bei kubwa kiasi chochote, lakini kama siwezi kwenda haja, nitafanya kazi kwa saa mbili kisha nirudi nyumbani. Kinachoumiza ni kwamba choo kilijengwa vizuri kabisa, tena kwa vipimo sahihi. Waliokijenga walifikiri, waliokitumia kama stoo hawakufikiri.

La pili ni programu ya kuweka nafasi ya mashine. Rafiki yangu asiyeona, ambaye ndiye aliyenishawishi nijiunge, hawezi kuitumia. Vitufe vyake havina majina, kwa hiyo programu yake ya kusoma skrini inamtajia “kitufe, kitufe, kitufe” mpaka mwisho. Na huyu ni mtu anayechora maumbo ya kuchapwa kwa printa ya 3D vizuri kuliko wengi wetu! Anatumia OpenSCAD, ambayo umbo huandikwa kwa maneno na namba badala ya kuvutwa kwa kipanya, na NVDA, kisoma-skrini cha bure ambacho kijana mmoja wa Australia asiyeona alianza kukitengeneza mwaka 2006, kisha mwenzake asiyeona akajiunga naye. Anaweza kubuni gia, lakini hawezi kuomba saa moja ya printa bila kumpigia mtu simu. Kwangu mimi kasoro hii ni nzito kuliko ya choo, kwa kuwa choo kinahitaji siku moja tu ya kuhamisha mbao, na programu inahitaji mtu akubali kwamba asiyeona ni mwanachama kama wengine.

Ninaposoma habari za karakana hizi, mara nyingi mwenye ulemavu ni mtu wa kutengenezewa kitu na kupigwa picha akikipokea. Mimi namkumbuka Richard van As, seremala wa Afrika Kusini aliyekatwa vidole na msumeno mwaka 2011. Hakukaa kusubiri. Alimtafuta Ivan Owen, mbunifu wa Marekani, wakabuni pamoja wakiwa mbali, na mkono wa bandia waliomtengenezea mtoto mmoja wakaachia michoro yake bure ili yeyote auchape. Van As alikuwa fundi kabla ya ajali na akabaki fundi baada yake. Ronald Mace naye, aliyeeneza wazo la usanifu kwa wote, yaani kubuni vitu na majengo ili kila mtu aweze kuvitumia, alikuwa msanifu majengo aliyetumia kiti mwendo tangu alipougua polio utotoni.

Ukitaka kujiunga na karakana yoyote, kabla ya kulipa usiulize kama wana mteremko. Omba kupelekwa kwenye mashine unayotaka kuitumia, ukae mbele yake, unyooshe mkono hadi kitufe cha kuzimia. Angalia kama skrini yake unaisoma ukiwa umeketi. Ile ya leza pale kwetu iko juu na imelala, na nisingeiona kama hawangeiunganisha na kompyuta ya mezani. Fungua choo. Muulize mwalimu nani kati ya wanachama ana ulemavu, na kama yumo yeyote kwenye kamati.

Naipa nyota nne kati ya tano. Niliandika barua kuhusu mambo yote mawili. Choo kimeshaondolewa mbao, na kamati imemwomba rafiki yangu aijaribu programu mpya kabla haijaanza kutumika. Amekubali, kwa sharti kwamba alipwe kama mjaribu programu mwingine yeyote.