Remington Slugger geji 12: ni ya mtutu laini

Slagi hii (risasi moja nzito inayopigwa badala ya marisau) ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ni ya aina ya Foster, wakia 1 (gramu 28). Imeundwa kwa bunduki ya marisau yenye mtutu laini, usio na mifereji ndani, na humo naipa alama za juu. Pua yake ni nzito, nyuma ni pango tupu, hivyo huruka imenyooka kama kile kipira cha vinyoya cha badminton. Mistari ya ubavuni haiizungushi kiasi cha maana. Kazi ya mistari hiyo ni kubonyea slagi inapopita kwenye choki, yaani sehemu inayobana mdomoni mwa mtutu. Choki iwe wazi kabisa au iliyobana kidogo tu. Kwa kulungu, usizidishe mita 70.

Kwenye mtutu wenye mifereji ya kuzungusha risasi, madini ya risasi huganda mferejini na shabaha huharibika. Mtutu huo unataka slagi ya saboti (iliyovikwa gamba la plastiki linalodondoka ikishatoka mtutuni), ambayo ikipigwa kwenye mtutu laini haizunguki, hupinduka ovyo.