Lucille Ball: sinema au televisheni?

Lucille Ball, mwigizaji mchekeshaji wa Marekani, aling'ara zaidi wapi, kwenye sinema au televisheni? Ukimtafuta kwenye filamu za miaka ya 1930, mara nyingi utamwona akipita tu: kapendeza, kasema maneno mawili, katoka. Aliingia Hollywood mwaka 1933, na kwa karibu miaka 20 akabandikwa jina la malkia wa filamu za bajeti ndogo. Umalkia gani huo, mtu hajiulizi! Faida moja aliipata: akiwa studio ya MGM, Buster Keaton, mchekeshaji maarufu wa filamu zisizo na sauti, alimfundisha kuchekesha kwa kutumia vitu mkononi.

Televisheni ndiyo ilimpa nafasi. Kabla kipindi chake cha vichekesho, I Love Lucy, hakijaanza kwenye kituo cha CBS Oktoba 1951, yeye na mumewe, Desi Arnaz, walikubali kupunguziwa malipo ili warekodi California kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu kwa mpigo, watazamaji wakiwa wamekaa palepale. Kwa kubadilishana, wakabaki na haki ya kumiliki vipindi. Ujanja wa kibiashara huo. Mwaka 1957 kampuni yao, Desilu, ikanunua studio za RKO, kulekule alikowahi kuajiriwa.

Kwa ucheshi pia, mimi naipa televisheni ushindi. Mtazame kwenye I Love Lucy akiwa kiwandani, mkanda wa chokoleti unazidi kukimbia, naye anazisokomeza mdomoni, kwenye kofia, kifuani, uso ukimtoka jasho la kuogopa msimamizi. Sidhani kama kwenye sinema angeachiwa uwanja namna ile. Ila televisheni ilidai kipindi kipya kila wiki, na sinema haikuwahi kumkimbiza hivyo.