Uzoefu wangu na CalculiX: nyufa za uchovu kwenye diski ya tabaini

Tuanze na bei: bure kabisa. CalculiX ni programu huria (leseni ya GPL) ya kukokotoa mkazo na joto ndani ya vipande vya mashine, iliyoandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig wa MTU Aero Engines ya Munich. Hao ni watu wa injini za ndege, na ukiitumia utaona.

Programu za kukadiria ukuaji wa ufa nilizokuwa natumia zamani zilitaka joto moja tu kwa hesabu nzima. Basi mtu anachukua joto la juu kabisa, anakutanisha na mkazo wa juu kabisa, anajiona salama. Lakini mtambo wa gesi ukiwashwa, ukingo wa diski hupata moto haraka na kitovu bado ni baridi. Ukingo unataka kutanuka, kitovu kinauzuia: ukingo unabanwa, kitovu kinavutwa. Kwa hiyo mkazo wa kitovu unaweza kufika kileleni kabla joto lake halijapanda. Ukilazimisha vilele hivyo vikutane, utaitupa diski ambayo bado ina kazi.

CalculiX inakwenda hivi. Kwanza unapiga hesabu ya diski isiyo na ufa, hatua kwa hatua, kuanzia kuwasha hadi kuzima. Mkazo na joto vya kila hatua vinahifadhiwa kwenye faili la frd, yaani faili la matokeo. Kisha unachora ufa kama uso wa pembetatu. Programu inasoma mkazo na joto pale pale ncha ya ufa ilipo, halafu inausukuma mbele kwa kanuni ya Paris (inayosema ufa unakua kiasi gani kila mzunguko wa mzigo), iliyoongezewa kizingiti ambacho chini yake ufa hausogei, uwiano wa R (mzigo wa chini kwa wa juu) na ukomo wa kuvunjika. Vigezo unaviweka kwa kila joto. Wavu wa diski, yaani vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa kwa hesabu, hauguswi, ndiyo maana laptop ya kawaida inatosha.

Urahisi huo una gharama. Mkazo ni wa diski nzima isiyo na ufa, kwa hiyo ufa ukishakula sehemu kubwa na mzigo ukahamia kwingine, hesabu haina habari. Mimi naiamini kwa nyufa ndogo tu.

Halafu kuna Inconel 718, aloi ya nikeli inayotumika kwenye diski. Kwenye nyuzi 650 za Selsiasi hivi, oksijeni hupenya mipaka ya chembe za metali na ufa unatembea hata mzigo ukiwa umetulia. Kanuni inayohesabu mizunguko haijui dakika. Niliongeza sehemu ya muda mwenyewe kwenye subrutini ya Fortran. Kama huijui lugha hiyo, mtafute mzee mmoja wa idara, hawakosekani.

Nyota nne. Usitegemee vitufe vya kubofya: unaandika faili la maandishi, kwa mtindo wa Abaqus, programu ya kulipia ya kazi hiyo hiyo. Anza na bamba lenye ufa mdogo katikati, ambalo K yake (ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa) unaipata kwa kalamu, ulinganishe kabla hujagusa diski.