Kitabu cha rangi mezani kwangu: mwaka wa pili wa matumizi

Kabla sijanunua kitabu hiki cha sampuli za rangi zenye namba, niliwahi kupokea maboksi ya vipeperushi 3,000 vya rangi ya zambarau. Mteja alikuwa ameagiza bluu. Bluu ileile aliyoiona kwenye skrini yangu, akaipenda, akaipitisha kwa barua pepe ya neno moja: "Safi." Nilipofungua boksi la kwanza nilidhani nimeletewa mzigo wa mtu mwingine, mpaka nikaona nembo niliyoichora kwa mkono wangu.

Siku ile nilimlaumu mpiga chapa, lakini kosa lilikuwa langu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya uchapaji inatumia wino wa aina nne, yaani sayani, majenta, njano na nyeusi. Bluu kali ya skrini ukiigeuza kuwa wino bila kuikagua, hujaa majenta karibu sawa na sayani, na hapo umeshapata zambarau. Kila dizaina hulijua hili siku moja. Wengine hufundishwa darasani, mimi nilifundishwa na karatasi ya mshahara iliyokatwa.

Ndipo nikajinunulia Formula Guide ya Pantone, kampuni inayozipa rangi za uchapaji namba, kwa fedha zangu, maana ofisini tulikuwa watu sita na kitabu hatukuwa nacho hata kimoja. Kwa kweli si kitabu, ni vipande virefu vya karatasi vilivyobanwa upande mmoja, unavitandaza kama upepeo. Na huja viwili kwa pamoja: kimoja cha karatasi inayong'aa, namba zake zinaishia na herufi C, na kingine cha karatasi isiyong'aa, zinaishia na U. Kila ukurasa una rangi kadhaa zilizopangwa kutoka nyepesi hadi nzito, na kando ya kila rangi kuna namba yake pamoja na vipimo vya wino wa kuichanganya, kama mpishi aliyekuandikia vijiko. Rangi zote zinapita 2,000.

Mfumo huu ulianza mwaka 1963 huko Marekani. Aliyeuanzisha ni Lawrence Herbert, mtu aliyesomea biolojia na kemia kabla ya kuingia kwenye uchapaji. Wazo lake halina makeke: wewe uwe na kitabu, mpiga chapa awe na kitabu kilekile, kisha mtajiane namba badala ya kuelezana rangi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaelewa upesi kwa nini namba inahitajika. Rangi zetu nyingi tumeziita kwa kuzifananisha na vitu. Kuna rangi ya chungwa, ya majivu, ya maji ya kunde. Kuna damu ya mzee. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha saa nzima, watu wanne tukibishana kuhusu damu ya mzee, na kila mmoja alikuwa na mzee wake. Mkurugenzi wa masoko aliitaka iliyokaribia hudhurungi. Mwenye kampuni alikuwa akifikiria kitu chekundu zaidi. Mimi kwenye faili nilikuwa na ya tatu, na yule dada wa mitandao ya kijamii alikuwa ameshatuma tangazo lenye ya nne.

Nilitoa kitabu kwenye mkoba, nikatandaza kurasa za wekundu mezani, nikanyamaza. Hii ndiyo faida ambayo hakuna aliyeniambia kabla ya kununua. Mteja akishika karatasi mkononi, anaacha kuongea kama mteja na anaanza kutazama. Mkurugenzi na mwenye kampuni walivutana ukurasa kama dakika tano hivi, wakaweka vidole kwenye mraba mmoja, nikaiandika namba kwenye kumbukumbu za kikao na kuwaomba wasaini. Miezi mitatu baadaye simu ikaja: "Kaka, mbona mabango yametoka mekundu sana?" Sikubishana. Nilikwenda na kitabu, nikakiweka juu ya bango, tukatazama pamoja. Bango lilikuwa sawasawa na namba waliyosaini. "Basi ni macho yangu," akasema mzee mwenye kampuni, tukanywa soda.

Isije ikaonekana kwamba kitabu hiki kinamaliza matatizo ya wakala wa ubunifu. Mteja bado atakuomba uikuze nembo. Bado atakutumia mabadiliko usiku wa kuamkia siku ya kuchapa, na faili la kumi na moja bado litaitwa "mwisho kabisa 2". Hayo hayana kitabu.

Na chenyewe kina mitego. Mtego wa kwanza ni mwanga. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa ya ofisini na kuachana kabisa ukitoka nje. Kipimo kinachotumika viwandani ni mwanga wa kelvini 5000, unaokaribiana na mwanga wa mchana, na kitabu kina ukurasa maalumu wa kukujulisha kama taa uliyo chini yake inafaa: una sehemu mbili za rangi, na zikitofautiana, hama. Taa ya mezani kwangu ilifeli mtihani huo siku ya kwanza, kwa hiyo kila uamuzi wa rangi naupeleka dirishani, wakati jua halijapiga moja kwa moja.

Mtego wa pili ni zile herufi C na U. Namba ikiwa moja, wino ni uleule, ila karatasi isiyong'aa huunyonya na rangi inapoa. Baadhi ya rangi hubadilika kidogo tu, nyingine utadhani si ndugu. Mwanzoni nilikuwa natembea na kile cha C peke yake kwa sababu ndicho kinachopendeza machoni pa wateja. Nikapitisha nacho rangi ya barua rasmi za kampuni moja, barua ambazo bila shaka huchapwa kwenye karatasi ya kawaida. Zilitoka zimefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Siku hizi natembea navyo vyote viwili.

Mengine nimefundishwa na fundi wa mashine, ambaye anakijua kitabu kwa mikono zaidi yangu. Nilimpelekea kazi yenye Reflex Blue, bluu nzito ya kifalme ambayo mashirika mengi huipenda. Akaguna. "Kijana, umeniletea huyu?" Wino wa rangi hiyo unajulikana kwa kuchelewa kukauka. Ukiharakisha kukata na kukunja, unaacha alama kwenye karatasi ya juu yake na kwenye vidole vya kila atakayeishika. Akanionyesha namba nyingine zinazokaribiana nayo ambazo hazina tabia hiyo, nikarudi kwa mteja na machaguo mawili, akachagua moja bila kinyongo. Ratiba ya kazi ilikuwa na siku tatu, na kwa wino ule wa kwanza tusingemaliza.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenieleza kwamba rangi ya namba huhitaji sahani yake ya kuchapia na wino wake kwenye mashine, mbali na zile nne. Kila rangi unayoongeza inaongeza gharama. Ukiwa na nembo ya rangi mbili tu kwenye bahasha nyingi, namba inalipa. Ukiwa na jarida lililojaa picha, mteja mwenye bajeti ndogo atachapa kwa rangi nne na hiyo namba itaigizwa. Kuigizwa kuna mipaka yake. Chungwa kali kama Orange 021 haipatikani kwa wino nne hata ufanyeje, inatoka imepauka. Kitabu hiki kina ndugu yake, Color Bridge, kinachoweka namba na mwigo wake wa rangi nne bega kwa bega, ili mteja aone hasara mapema. Ningeanza upya leo ningenunua hicho kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi zangu huishia kwenye rangi nne.

Sasa bei. Ni ghali, na inauma zaidi kwa sababu kitu chenyewe kinazeeka. Karatasi hugeuka njano taratibu, mafuta ya vidole huingia kwenye rangi, kurasa husuguana. Ushauri unaotolewa ni kukibadilisha baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mimi nina mwaka wa pili, na kosa la kukiacha kwenye dashibodi ya gari wiki moja nzima limeshaonekana: kurasa za njano za mwanzo hazilingani tena na za fundi. Nimezitia alama ya kalamu, nazitumia kwa mazungumzo tu, si kwa uamuzi. Mtu anayejiajiri na kupata kazi za kuchapa mara mbili kwa mwaka, namshauri aende kwa mpiga chapa wake akatumie cha pale. Na kama kazi zako zote ni za skrini, matangazo ya simu na tovuti, usinunue kabisa, mtaonana tu kwenye picha za meza za watu.

Kuna waliokuwa wakiniuliza kwa nini karatasi, wakati rangi hizo ziko ndani ya programu za usanifu. Walipunguza maswali mwaka 2022, pale programu ninayoilipia kila mwezi ilipoondolewa sehemu kubwa ya maktaba za rangi za Pantone. Nilifungua faili la zamani la mteja, na mahali pa rangi yake nikakuta weusi. Niliichukua namba kwenye kumbukumbu za kikao, nikafungua kitabu, nikaijenga rangi upya kwa jicho na vipimo, kazi ikatoka siku hiyohiyo.

Ofisini sasa kila mtu anakijua. Kinakaa kwenye droo, ndani ya mfuko wake mweusi, na jalada lina tarehe niliyokinunua kwa kalamu isiyofutika. Mwanafunzi wa mafunzo ya kazi huja kukiazima karibu kila siku. Nampa, ila kwanza ananionyesha kwamba amenawa mikono, na dirisha analijua.